Nusu ya Kadi ya Gakko

Mume wangu Eikichi alipasua mbao kiwandani miaka arobaini na moja, akastaafu akiwa na vidole tisa na heshima ya mji mzima, halafu akaenda kukaa kwenye kistuli cha plastiki ghorofa ya tatu ya supamaketi kucheza mchezo wa watoto. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba nilikuwa na haki ya kukasirika. Wenzake hapa Noshiro wakistaafu wanavua samaki, wanapogoa miti, wengine wanalewa, na kulewa angalau ni jambo linaloeleweka. Wangu mimi alikuwa anakamata mazimwi.

Mashine yenyewe ilikuwa kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Unatia sarafu ya yeni mia, msitu unatokea kwenye kioo, zimwi linapita, nawe unapigapiga kitufe mpaka likamatike. Likikamatika unatemewa kadi yake, ngumu, bado ina joto, yenye picha ya zimwi, jina lako na tarehe. Siku nyingine ukiiingiza kadi ile, zimwi lako linatoka kukulaki. Watoto walipanga foleni, na sheria ya foleni ilikuwa moja tu: zamu yako ikiisha unainuka, unarudi nyuma kabisa. Eikichi aliishika sheria hiyo kuliko wao. Mzee wa miaka sabini na moja anasimama na mto wake wa kukalia mkononi, anawapisha watoto wa chekechea, anakwenda mwisho wa foleni kama mwanafunzi aliyeonywa. Wifi yangu Kimie alimkuta hivyo siku moja, akaja kunisimulia huku machozi ya kicheko yanamtoka. Nikamwambia kaka yako huyo, ukimtaka mchukue.

Aliyempeleka pale mara ya kwanza ni Nagisa, mjukuu wetu, binti wa mwanetu wa pekee Shuhei. Alikuwa na miaka sita. Siku hiyo walikamata zimwi la watu wawili. Zimwi la namna hiyo huwezi kulikamata peke yako. Mnakaa kwenye mashine mbili zilizopakana, mnapiga vitufe pamoja, na kamera ndogo iliyo juu ya kioo inawapiga picha. Kila mmoja anapata kadi yake, na kwenye kila kadi mpo wote wawili: babu kushoto, mjukuu kulia, zimwi katikati. Lao lilikuwa kama chura aliyebeba jiwe mgongoni. Nagisa akamwita Gakko, ndivyo kwetu tunavyoita figili za kukausha kwa moshi, kwa kuwa babu yake alikuwa akizitafuna kutwa nzima. Picha ilikuwa nzuri, hilo sikatai. Nagisa hana meno mawili ya mbele, na Eikichi amecheka mdomo wazi, mtu ambaye kwenye picha ya harusi yetu amekaa kama anasomewa hukumu.

Mwaka uliofuata Shuhei na mkewe wakaachana. Kwetu wazazi wakiachana mtoto anakuwa wa mmoja, na yule mwingine na ukoo wake wote wanabaki nje ya mlango. Mama mtu alimchukua Nagisa wakahamia mbali, mji wa Sendai. Simlaumu sana, mwanangu ninamjua. Lakini alibadilisha namba ya simu, baadaye tukasikia ameolewa tena na amehama nyumba, na barua zangu zikawa zinarudi zimepigwa muhuri kwamba mpokeaji hayupo. Begi la ngozi la kuanzia shule, ambalo babu na bibi ndio hulinunua, nalo lilirudi ndani ya kasha lake, halijafunguliwa. Liko juu ya kabati mpaka leo. Likinikaa machoni wakati ninafagia, naacha kufagia.

Basi hapo ndipo Eikichi alipoanza kwenda supamaketi kila siku. Alikuwa anarudi jioni, anavua viatu, na kabla hajasema njaa inauma anatangaza:

“Mama Shuhei, Nagisa hajambo. Kamlisha.”

“Kamlisha nani?”

“Gakko. Leo, saa nane mchana.”

Nikamwambia habari za mashine aziache hukohuko kwenye mashine, jikoni kwangu asiniletee. Alijaribu kunieleza mara mbili, tatu, akitoa kadi mfukoni na kunionyesha kwa kidole, na kila alipofungua mdomo nilifungulia maji ya bomba ili nisimsikie. Nilijua nilichojua: mzee amemkosa mjukuu mpaka akili inamtoka, anaongea na chura wa kioo. Nilikwenda hata kwa daktari kisirisiri kuulizia dawa. Daktari akasema mlete. Nitamletaje mtu ambaye hata mafua hakubali kwamba ni mafua?

Alikufa mwezi wa pili, akizoa theluji mlangoni petu. Nilimwita chai imepoa, hakuitika. Nikamgombeza kupitia dirishani, nikasema wewe masikio umeyaacha kiwandani pamoja na kile kidole. Nikamgombeza mara ya pili. Nilipotoka nje nilimkuta amekaa kwenye theluji, ameegemea koleo, amekwisha kufa. Ningetoka mara ya kwanza sijui ingekuwaje. Daktari aliniambia isingesaidia kitu, lakini madaktari ndio kazi yao kusema hivyo.

Siku ya kuuchoma mwili wake, kama ilivyo desturi yetu, mtu wa mazishi alitueleza vya kutia kwenye jeneza na visivyotiwa. Miwani hapana, chuma hapana, kioo hapana, karatasi sawa. Tulimvalisha viatu vyake vya nyasi vya safari, tukampa sarafu sita za karatasi za kuvukia mto wa wafu, kofia ya kazini, na figili mbili nilizozifunga kwenye karatasi. Kimie akapekua koti la kaka yake akaitoa ile kadi. “Aende na zimwi lake,” akasema, “asije akarudi kulifuata.” Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani. Kisha Kimie akaigeuza kadi kwenye mwanga, akanivuta pembeni.

“Tsuneko, huyu mtoto yu hai.”

Hakuhitaji kuongeza neno. Sura ya mtu aliye hai haitiwi kwenye jeneza. Maiti atamchukua waende wote. Nilipokuwa na miaka tisa shangazi yangu Hatsu alizikwa na picha ya ndugu wote wamekaa barazani, na kabla siku arobaini na tisa za matanga hazijatimia mwanawe wa mwisho akatumbukia mferejini. Mnaweza kucheka. Mimi nilimwona akitolewa majini, nywele zimejaa majani, na mama yangu akiniziba macho amechelewa.

Sasa nifanye nini? Kumnyima Eikichi kitu alichokuwa akikishika kila siku ya Mungu, siwezi. Kumpeleka Nagisa kwenye moto, siwezi hata kuwaza. Nikaazima mkasi kwa mtu wa mazishi. Nikakata taratibu, kati ya chura na mtoto, nikihakikisha mkasi haumgusi mtoto hata unywele. Nusu yenye Eikichi na Gakko nikaiweka chini ya vidole vyake tisa. Nusu yenye Nagisa nikaitia kwenye pochi. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, nenda na chura wako, mtoto niachie mimi. Nilijiona nimefanya jambo la busara kuliko yote niliyofanya siku ile. Kimie alinishika bega akasema nimemwokoa mtoto, na mimi niliamini.

Siku arobaini na tisa zilipotimia nikazunguka kuwarudishia zawadi waliotuletea rambirambi, kama ilivyo desturi. Bahasha moja ilikuwa imetoka ghorofa ya tatu ya supamaketi, imeandikwa jina la Kudo, mama mmoja wa makamo anayesimamia ile sehemu ya michezo, sauti imekwaruzika kwa sigara. Nikampelekea kopo la majani ya chai. Alilipokea kwa mikono miwili, akainama, akaanza kulia mbele ya wateja. Nikashangaa. Hata mwanangu hakulia namna ile.

Akaniambia watoto walimwita Babu Mto kwa ajili ya ule mto wake. Akanipeleka kwenye kistuli chake, na mto wenyewe ulikuwa bado upo, amemfulia. Kisha akauliza swali ambalo sitalisahau.

“Mama, kadi yake anayo nani sasa? Maana Gakko ana wenyewe wawili, na mmoja amebaki.”

Nikamwambia sielewi. Akanikalisha, akanieleza yote ambayo Eikichi alijaribu kunieleza nikafungulia bomba. Zimwi la watu wawili ni moja, hata kama wenyewe wako miji tofauti. Nagisa akiingiza kadi yake Sendai, anayetoka ni Gakko yuleyule, na akimlisha, Eikichi hapa anaona: siku fulani, saa fulani, mwenzako amelisha. Na baada ya kulisha unaweza kumwachia mwenzako neno. Si neno lako, ni maneno kumi na mawili yaliyopangwa tayari ili watoto wasiandikiane matusi: Hujambo, Nimemlisha, Tumeshinda, Asante, Uko wapi, Nisamehe, Tuonane kesho, na mengine ya namna hiyo. Mahali mashine haisemi, inasema saa tu. Nagisa alikuwa anakuja Jumamosi saa nane. Eikichi alikuwa anamjibu siku hiyohiyo, na siku zote sita zilizobaki alikuja tu kuchungulia kama mtoto ameongeza neno. Miaka miwili na nusu walizungumza hivyo, babu na mjukuu, kwa maneno kumi na mawili.

“Alikuwa anamaliza kwa Tuonane kesho,” Kudo akasema. “Kila mara. Nikamwambia mzee, kesho mtoto yuko shule. Akasema haidhuru, mtoto asilale bila kuambiwa.”

Nikafungua pochi, nikamwonyesha nusu niliyokuwa nayo. Kudo aliutazama ule ukingo ulionyooka vizuri. Hakuuliza nani kakata. Nadhani uso wangu ulimjibu.

Tulijaribu, msidhani hatukujaribu. Tulibandika kipande cha kadi nyingine kwa gundi, mashine ikaitema. Kudo akaandika kwa kampuni, wakajibu kwa heshima tele kwamba pole sana, kadi ya wawili haitolewi mara ya pili bila wachezaji wote kukaa pamoja, na habari za mchezaji mmoja hapewi mtu mwingine. Akapiga simu kwenye kumbi za michezo kote Sendai alikoweza kupata namba, akaambiwa, na ndivyo inavyopasa, kwamba habari za watoto hawampi mgeni kwenye simu. Nikampigia Shuhei. Akasema mama, sina nguvu ya kuanza tena. Nilimkatia simu. Nikampigia tena kumwomba radhi, kisha nikamkatia tena.

Mwezi wa nane likabandikwa tangazo kwenye mashine. Mchezo unafungwa nchi nzima, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, saa kumi na moja jioni. Chini yake kwa herufi ndogo: wiki ya mwisho, hata aliyepoteza kadi ataweza kuandika jina na tarehe yake ya kuzaliwa, alione zimwi lake na kuliaga. Kuliona tu. Kulisha na kuacha neno ni kwa mwenye kadi.

Ningeweza kwenda Jumatatu. Niliogopa, nasema wazi. Nilikaa nyumbani siku tano nikifua vitu visafi. Jumamosi nikavaa vizuri, nikachukua ile nusu ya kadi, nikaenda kupanga foleni na watoto. Kudo alitaka kunipitisha mbele, nikamkatalia. Eikichi asingekubali.

Zamu yangu ilipofika ilikuwa saa nane kasoro dakika chache. Nikaweka mto kwenye kistuli, nikakaa. Kudo akaandika jina la Eikichi na tarehe yake ya kuzaliwa, na yule chura akatoka kwenye majani. Alikuwa mnene, anang'aa, jiwe la mgongoni limeota maua. Nilidhani nitamkuta amekonda. Kudo akanong'ona kwamba Gakko anahitaji sahani mbili kila wiki, moja ya kila mwenyewe, na wiki akikosa moja anarudi msituni na hakamatiki tena. Mwenzako asipokuja, unaweza kulisha kwa niaba yake, ila hiyo ni zamu nyingine.

Kisha akanifungulia orodha. Jumamosi baada ya Jumamosi, tangu mwezi wa pili. Saa nane na dakika mbili, Nagisa amelisha. Saa nane na dakika kumi na tisa, Nagisa amelisha kwa niaba ya Babu. Wiki inayofuata saa nane na dakika tatu, kisha saa nane na ishirini na moja. Wiki zote namna hiyo. Nikamuuliza Kudo mbona kila mara kuna robo saa katikati, kwa nini asilishe mara moja akaondoka zake. Kudo akageuka akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yetu, na mimi nikaelewa kabla hajajibu. Alikuwa anainuka, mtoto wangu. Anarudi nyuma ya foleni kama alivyofundishwa na babu yake, anasubiri mpaka zamu imfikie tena, anamlishia babu sahani yake.

Pembeni ya kila siku palikuwa na neno aliloacha. Wiki za mwanzo, Hujambo. Halafu Uko wapi. Uko wapi. Uko wapi. Niliyahesabu mpaka kumi na saba nikaacha.

Saa nane na dakika mbili sahani moja ikajaa mbele ya macho yangu. Gakko akaruka. Jamani, alikuwa pale! Mahali fulani Sendai, dakika ileile, mtoto ambaye sijamwona kwa miaka mitatu alikuwa amekaa mbele ya kioo kama hiki, na sasa lazima ameota meno. Nikaweka kiganja juu ya kioo. Nikaita jina lake, kwa sauti, watoto wote wakanigeukia. Muda wangu ukaisha, kioo kikarudi kwenye msitu mtupu.

Nikainuka, nikachukua mto, nikaenda nyuma kabisa ya foleni. Mbele yangu walikuwepo watoto wanne, kila mmoja na kadi zake kwenye kijaluba. Nikafikiri, na yeye sasa hivi amesimama mwisho wa foleni yake. Kwa robo saa ile tulikuwa tumesimama wote wawili, mimi na Nagisa, tukingoja kitu kimoja. Tangu Eikichi afe sijawahi kuwa na robo saa nzuri kama ile. Nilijiambia, akishamlisha mara ya pili ataacha neno la mwisho, atasema Tuonane kesho, kama babu yake, na hilo litanitosha mpaka nife.

Nilirudi kwenye kistuli saa nane na dakika kumi na nane. Kudo akaandika jina. Gakko akatoka. Tukasubiri. Sahani ya pili ikajaa, polepole, kana kwamba anayemimina hataki iishe. Kisha neno likatokea.

Nisamehe.

Kudo akajifunika mdomo. Mimi nikalisoma tena, nikidhani nimekosea, macho yangu ya uzeeni. Nisamehe. Mtoto wa miaka tisa, ambaye kwa miezi saba hakukosa Jumamosi hata moja, alikuwa amekaa akajiuliza kwa nini babu amemnunia, akajitafutia kosa akajipa.

Nikatoa nusu ya kadi kwenye pochi nikaisukuma kwenye tundu la kuingizia. Mashine ikaitema. Nikaisukuma tena. Nikasema wewe mashine, si yeye, ni mimi, mwambie ni mimi niliyekata. Ikaitema tena, na Nagisa akaanguka sakafuni kifudifudi, nikapiga magoti kumwokota. Kioo kiliandika kwamba kadi haisomeki.

Msichana mmoja mdogo nyuma yangu, kwa adabu kabisa, akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia ndiyo mwanangu, nimemaliza, kaa wewe. Nikachukua mto wa Eikichi nikarudi nyuma ya foleni, nikasimama hapo mpaka saa kumi na moja walipokuja kuizima.